Yai Jema Huelea

Ndugu mkulima wa Ihanda, kwenye kahawa tunda linaloelea unalitupa, ni pepe. Kwa mayai ya mwatiko, samaki wa baharini, mambo ni kinyume.

Mwaka 1949 perege walijaribiwa mabwawani huko Korogwe. Perege jike hulea mayai kinywani. Mfugaji hana kazi. Mwatiko huyamwaga baharini, basi wafugaji wa pwani wakawa wanavua vifaranga mikokoni. Mwaka 1980, huko Ufilipino, mwatiko alitaga mwenyewe kizimbani. Sasa ikabidi mayai yachaguliwe: zima huelea, angavu kama kioo; lililokufa hugeuka jeupe, likazama. Kifaranga naye hutazamwa mgongo, maana aliyepinda hafiki mbali. Nawe ukinunua vifaranga vya kambale, watazame hivyo kabla hujatoa fedha.