Damu ya Kikwit, dawa ya Beni, na hati yenye kuwa ngambo

Tarehe 1 mwezi wa nane 2018 Ebola ilitangazwa huko Mangina. Kisha siku chache watu wa Beni na Butembo walianza kusikia majina ya dawa: ZMapp, remdesivir, REGN-EB3, mAb114. Wengi walisema hizo zote ni dawa za wazungu. Kwa ile ya mwisho, hawakusema kweli yote.

mAb114 ilianzia Kikwit. Mwaka wa 1995 Ebola ilipiga muji ule, na mugonjwa mumoja akapona. Miaka 11 ikapita, damu yake ikachukuliwa. INRB ya Kinshasa, yenye kuongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, ilitumika pamoja na maabara ya serikali ya Marekani na watafiti wa Bellinzona, Uswisi. Ndani ya damu hiyo walipata kinga yenye kuzuia virusi kuingia ndani ya chembe za mwili. Ile kinga ndiyo ilitengenezwa kuwa dawa.

Tangu mwezi wa kumi na moja 2018, wagonjwa 681 walikubali kuingia katika majaribio ya dawa zile ine, kwenye vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Ilikuwa wakati mubaya. Mwezi wa pili 2019 kituo cha Katwa na kile cha Butembo vilishambuliwa, na vijiji vya Beni vilikuwa vinakimbia risasi. Hata hivyo wauguzi waliendelea. Mwezi wa nane 2019 jibu lilipatikana: kati ya waliopewa ZMapp karibu nusu walikufa, kwa mAb114 walikufa 35 kwa kila 100. Munganga Mukongomani, Sabue Mulangu, jina lake ndilo la kwanza kwenye ripoti ya majaribio hayo. Wagonjwa hawakulipa hata franga moja, na hilo lazima lisemwe.

Lakini dawa iko na mwenyewe. Mwaka wa 2018 serikali ya Marekani ilipatia kampuni moja ya huko, Ridgeback Biotherapeutics, ruhusa ya kuitengeneza. Mwezi wa kumi na mbili 2020 Marekani ikaikubali kwa jina la Ebanga. Hapo ndipo neno "hati ya uvumbuzi", lile watu wanaita breve, linaingia katika maisha ya mutu wa Beni: mwenye hati ndiye anaamua nani atatengeneza, wapi, na kwa bei gani.

Je, Kongo haikufundishwa namna ya kulinda vitu vyake? Ilifundishwa, tena zamani. Inchi iliingia katika OMPI, shirika la Umoja wa Mataifa lenye kusimamia haki za uvumbuzi, mwaka wa 1975, wakati iliitwa Zaïre. Sheria ya viwanda na uvumbuzi ilitiwa sahihi tarehe 7 mwezi wa kwanza 1982. Mukataba wa biashara wa 1994, ule wa ADPIC, uliagiza inchi tajiri zisaidie zile maskini kwa mafundisho na ufundi. Lakini musaada huo kwa muda murefu ulikuwa zaidi wa kufundisha maofisa kutunga sheria na kuandikisha hati. Kwa inchi ambako hati nyingi zinaombwa na wageni, ni kama kumujengea jirani lango huku nyumba yako haina mulango. Brazili na Argentina ndizo zililalamika mwaka wa 2004, na mwaka wa 2007 OMPI ikakubali mapendekezo 45, la kwanza likisema musaada ufuate mahitaji ya inchi yenyewe.

Fundi wa Butembo mwenye kubuni mashine ya kukoboa kahawa bado lazima apeleke karatasi zake Kinshasa, zaidi ya kilometa 1,500, kwa sababu Kongo haimo katika OAPI ya Yaoundé wala ARIPO ya Harare.

Na damu? Mapatano ya Nagoya ya 2010 yanasema inchi yenye mumea au mududu igawiwe faida. Kongo imo. Lakini damu ya binadamu iliachwa inje ya mapatano hayo. Tarehe 24 mwezi wa tano 2024, huko Geneva, inchi za OMPI zilikubali mukataba mupya: mwenye kuomba hati lazima aseme kitu alichotumia kilitoka inchi gani. Ni hatua kubwa kwa miti ya dawa ya wazee wetu. Lakini mukataba huo nao unasema wazi kwamba hauhusu vitu vya mwili wa binadamu. Kama ungekuwapo mwaka wa 2006, jina la Kikwit lisingelazimika kuandikwa.

Ebola ilirudi Butembo mwezi wa pili 2021, kisha Beni mwezi wa kumi mwaka ule ule. Mwaka wa 2022 OMS ilipendekeza Ebanga kwa wagonjwa wote, wakubwa na watoto. Kiwanda cha kuitengeneza hakiko Kongo.