Skrubu iliyoliwa kichwa: nani alisema haitafunguliwa tena?

Leo naweka kando mambo ya kodi na seva, niandike juu ya kitu kidogo ambacho kila aliyewahi kufungua tarakilishi, redio au pikipiki anakifahamu: skrubu iliyoliwa kichwa. Unatia bisibisi, unazungusha, inateleza. Unakandamiza zaidi, inateleza tena, na sasa pale palipokuwa na alama ya msalaba pamebaki kishimo cha duara kinachong'aa. Hiyo moja isipotoka, mashine nzima haifunguki. Sisi wa programu tumezoea kitufe cha kurudisha nyuma. Chuma hakina.

Nimekuwa nikifuatilia historia ya jambo hili, na kila nikisoma nakutana na kitu kilekile. Kichwa cha skrubu huchaguliwa na mtu wa kiwandani anayefunga. Fundi atakayekuja kufungua miaka kumi baadaye hakuulizwa chochote. Vifaa vya kuchomolea skrubu vilizaliwa katika pengo hilo.

Nyuzi za skrubu nitazipitia upesi. Zamani kila bolti na nati yake vilikuwa ndugu wawili, huwezi kuvitenganisha na kuoza kwingine. Mwishoni mwa karne ya 18 Henry Maudslay, fundi wa London, alitengeneza mashine ya kukereza iliyokata nyuzi zinazolingana. Joseph Whitworth, aliyewahi kufanya kazi kwake, alipendekeza kipimo kimoja kwa Uingereza mwaka 1841: pembe ya uzi iwe nyuzi 55. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers akapendekeza 60, kwa kuwa ni rahisi zaidi kuikata na kuipima. Basi! Nchi hizo zikaingia katika vita viwili vya dunia zikiwa upande mmoja, lakini bolti zao hazielewani. Makubaliano ya Marekani, Uingereza na Kanada yalitiwa saini Novemba 1948. Na hata leo ukilazimisha bolti ya inchi kwenye tundu la milimita, umeshajitafutia kazi ya kuchomoa.

Sasa vichwa. Hapa ndipo pana utamu.

Kwa muda mrefu kichwa kilikuwa na mfuo mmoja tu ulionyooka, na bisibisi iliponyoka pembeni ilikwaruza kazi, au mkono. Mkanada Peter Robertson alikuja na tundu la mraba mwaka 1908. Bisibisi inakaa humo kama jino, na ni vigumu sana kukila kichwa chake. Henry Ford aliipenda, lakini alitaka kuwa na usemi juu ya utengenezaji wake, na Robertson akakataa. Kwa hiyo skrubu iliyo bora (huo ni msimamo wangu, mnaweza kunipinga) ikabaki zaidi Kanada.

Nafasi ikachukuliwa na Henry Phillips wa Portland, Oregon. Wazo la msalaba lilikuwa la John Thompson. Phillips alilinunua, akaliboresha, akapata hataza mwaka 1936, na mwaka huohuo General Motors wakaanza kuitumia kwenye magari ya Cadillac. Uzuri wake kiwandani ni kwamba ncha ya bisibisi inajitafutia katikati yenyewe, na mashine inaweza kufunga haraka. Ubaya wake ni zile kuta zilizoinama. Nguvu ya kuzungusha ikizidi, bisibisi hupanda na kuruka nje. Wengi husema Phillips alikusudia hivyo ili skrubu isikazwe kupita kiasi, lakini hataza zake za mwanzo hazitaji jambo hilo. Linatajwa katika hataza ya baadaye, ya mwaka 1949. Yaani kasoro ilipata sifa baada ya kuzaliwa. Sisi watengenezaji wa programu mchezo huo tunaujua vizuri sana!

Jambo linalotugusa moja kwa moja hapa Kenya ni hili. Magari mengi tunayonunua yametumika Japani kwanza, na Wajapani walikuwa na msalaba wao, wa kipimo cha JIS. Kwa macho unafanana na wa Phillips, ila bisibisi ya Phillips haifiki chini kabisa. Inaelea juu, inakula kingo, halafu lawama inaangukia kutu. Mara nyingi skrubu ya JIS huwa na kitone kidogo kichwani. Ukikiona, tafuta bisibisi yake kabla hujagusa kitu.

Wengine hufunga wakijua kabisa wanachofanya. Mwaka 2009 Apple walitia skrubu yenye mitaro mitano kwenye betri ya MacBook Pro, kisha ikaja kwenye iPhone 4. Bisibisi yake haikuwa dukani. Mapema mwaka 2011 kampuni ya iFixit ikaanza kuuza kifurushi chenye bisibisi ya kuitolea, pamoja na skrubu za kawaida za kurudishia mahali pake.

Tuje kwa kuchomoa kwenyewe. Kifaa ambacho mafundi hukiita izi-auti kimepata jina kutoka kwa chapa ya Ezy-Out ya Cleveland Twist Drill, kampuni ya Marekani. Ni chuma kigumu chenye umbo la karoti, na mitaro yake imezunguka kinyume. Unatoboa tundu katikati ya bolti iliyokatika, unakigonga kiingie, kisha unazungusha kinyume na mwendo wa saa. Kadiri unavyozungusha ndivyo kinavyozidi kuuma, mpaka bolti yenyewe ikubali kugeuka. Ukitoboa kwa keekee ya mkono wa kushoto, huenda bolti ikatoka hata kabla ya izi-auti kuguswa.

Lakini kina hila yake. Kwa kuwa ni kigumu sana, hakipindi, hukatika. Na kikikatikia ndani, sasa una chuma ambacho keekee ya kawaida haiwezi kukitoboa. Ndiyo maana mafundi niliowaona Grogan wanapenda njia nyingine: wanaweka nati juu ya kisiki cha bolti, wanachomelea kupitia tundu la nati, kisha wanatia spana. Joto lenyewe hulegeza kutu. Kwa maoni yangu hii inaishinda izi-auti mara nyingi, mradi pana pa kushika.

Tatizo la chuma kigumu kilichokatikia ndani lilizaa teknolojia nzima. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani watatu, Harold Stark, Victor Harding na Jack Beaver, walitengeneza mashine ya kutolea keekee na tapu zilizokatikia ndani ya vipande vya alumini, kwa kutumia cheche za umeme. Mwaka 1943, upande wa Urusi, Boris na Natalya Lazarenko walikuwa wakichunguza jinsi cheche zinavyokula ncha za tungsteni. Kuzizuia hawakuweza, lakini waliona kwamba ndani ya kimiminika cheche hizo zinatawalika. Ugumu wa chuma hauhesabiki hapo, mradi kipitishe umeme. Leo karakana nyingi duniani hutengeneza kalibu kwa cheche za namna hiyo.

Hata angani mambo ni yaleyale. Tarehe 17 Mei 2009 mwanaanga Mike Massimino alikwenda kutengeneza chombo cha STIS ndani ya darubini ya Hubble, kilichozimika mwaka 2004. Hakikuundwa ili kitengenezwe huko, na kifuniko chake kilikuwa na skrubu 111. Kabla hata hajazifikia, bolti moja ya kishikio kilichomzuia njia ililiwa kichwa. Vifaa vya ziada havikusaidia. Wahandisi wakaijaribu nguvu inayohitajika duniani kwanza, halafu wakamwambia akivute kwa mkono. Akakivunja, akaendelea na kazi.

Kisha kikaja kisanduku cha OSIRIS-REx, kilichotua Utah Septemba 2023 kikiwa na vumbi la sayari ndogo ya Bennu. Kati ya vifungo 35, viwili vilikataa. Keekee na mafuta ya kulegeza havikufaa, kwani vingechafua sampuli. NASA walitengeneza vifaa vipya vya chuma cha pua cha hospitali kisicho na sumaku, metali ngumu kuliko zote zilizoruhusiwa ndani ya lile sanduku la glavu, na Januari 2024 vifungo vikatoka. Ndani, pamoja na kilichokuwa kimekusanywa mapema, palikuwa na gramu 121.6.