Homa ya papasi na mambo yanayozidisha ukali wake

Homa ya papasi ni maradhi ya bakteria ambayo maskani yake ni Afrika ya Mashariki na ya Kati, tokea Kongo ya mashariki hadi nyanda kavu za Ugogo. Kijidudu chake ni chembamba mno, kimejisokota mfano wa parafujo, na wataalamu wamekiita Borrelia duttonii; mwenye kukichukua kutoka damu ya mtu hadi damu ya mwenziwe ni papasi. Papasi huyu si kupe wa ng'ombe, bali ni jamaa yake mwenye ngozi laini, rangi ya vumbi, akaaye katika nyufa za sakafu ya udongo na za kuta, akatoka taa ikishazimwa, akamwuma aliyelala pasi na kumwamsha, akashiba kwa muda wa nusu saa hivi, kisha akarudi ufani kwake kabla ya mapambazuko. Aweza kuishi miaka bila ya chakula, na jike huwarithisha wanawe vijidudu kwa njia ya mayai, ndiyo maana banda lililohamwa zamani haliwi salama kwa sababu tu limehamwa.

Siku kama 7 baada ya kuumwa, mtu hushikwa ghafla na baridi ya kutetemesha, joto likapanda hadi digrii 40 na zaidi, kichwa kikamgonga, viungo vikamlegea, akatapika, na wengine huweweseka. Hali hiyo ikikaa siku 3 hivi hukatika kwa jasho jingi, mgonjwa akadhani amepona, akarudi shambani, na baada ya juma moja homa ikamrudia. Sababu ya marejeo hayo ni kwamba kila mwili unapokwisha kukitambua kijidudu kwa gamba lake la nje na kukitengenezea kingamwili, vichache katika kizazi chake huwa vimekwisha kulibadili gamba hilo, navyo ndivyo vinavyosalimika na kuzaana upya. Aghalabu marejeo huwa hafifu kuliko shambulio la kwanza. Lakini kadiri yanavyokaririka bila ya dawa, ndivyo inavyozidi hatari ya maradhi kufika ubongoni na machoni, hata upande mmoja wa uso ukapooza au nuru ya jicho ikafifia.

Kwa jumla, katika kila wagonjwa 100 wasiotibiwa hufa baina ya 2 na 5. Hesabu hiyo, ijapokuwa ni sahihi, huficha mengi kuliko inayoyadhihirisha, kwani maradhi haya hayamwelemei kila mtu kwa uzito mmoja. Kijidudu ni kilekile na papasi ni yuleyule. Tafauti kubwa imo katika hali ya mwenye kuumwa.

La kwanza ni ugeni. Joseph Everett Dutton, tabibu wa Chuo cha Maradhi ya Nchi za Joto cha Liverpool, alikuwa Kongo ya mashariki pamoja na mwenziwe John Todd wakithibitisha kwamba papasi ndiye mwenye kuambukiza homa hii. Wote wawili wakaugua, na Dutton akafa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, hali umri wake ni miaka 30. Kijidudu kikapewa jina lake. Mwaka huohuo Robert Koch, akiwa katika Afrika ya Mashariki ya Wadachi, aliwakuta papasi katika mabanda ya kupumzikia misafara, akaviona vijidudu hata ndani ya mayai yao. Mgeni aliyelala usiku mmoja katika mabanda hayo aliweza kushikwa na homa kali, na wenyeji watu wazima wakakaa humo wasidhurike sana. Wenyeji hao hawakuzaliwa na damu ya namna nyingine: waliumwa tangu utotoni, wale walionusurika wakapata kinga, na kinga hiyo hudumishwa na kuumwa mara kwa mara, hupungua mtu akihama.

Gharama ya kinga hiyo hulipwa na watoto. Mtoto mchanga hana kinga yake mwenyewe, damu yake ni kidogo, na vijidudu hujaa ndani yake upesi. Hali kadhalika mwanamke mwenye mimba, hata akiwa ni mwenyeji aliyezoea papasi, huonekana kana kwamba amerudishwa katika ugeni. Damu ya wajawazito huonekana kuwa na vijidudu vingi kuliko ya wanawake wengine, na vijidudu hivyo huvuka kondo la nyuma vikamfikia mtoto aliye tumboni. Uchunguzi wa Sengerema, kusini mwa Ziwa Viktoria, uliochapishwa mwaka 1997, ulikuta kwamba katika kila mimba 1,000 za wanawake waliougua homa hii, 475 zilipotea, ama kwa kutoka, ama kwa mtoto kufa tumboni au mara baada ya kuzaliwa. Wengi wa akina mama hao walipona. Ni msiba mkubwa usioonekana katika hesabu ya vifo vya wagonjwa, na kwa hiyo wapimao ukali wa homa hii kwa vifo vya watu wazima peke yake wanakosea.

Wingi wa vijidudu ndio kipimo kinachoonekana kwa macho. Tone la damu likipakwa kiooni, likatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini, huonekana nyuzi za zambarau zilizojipindapinda baina ya chembe nyekundu. Kwa mmoja utazitafuta kitambo kirefu, kwa mwingine zimesongamana. Huyu wa pili ndiye wa kuogopewa. Chembe zinazogandisha damu humpungukia, pua ikatoka damu, bandama ikavimba, ini likaathirika na macho yakawa manjano.

Tena huyohuyo ndiye wa kuangaliwa sana anapopewa dawa. Penisilini, erithromaisini na dawa za jamii ya tetrasaiklini (hizi za mwisho mjamzito na mtoto mdogo hawapewi kwa kawaida) huua vijidudu kwa wingi, na katika saa chache za mwanzo mabaki yao huuchafua mwili: mgonjwa hutetemeka upya, joto hupanda kupita lilivyokuwa, kisha shinikizo la damu hushuka. Hiyo si hoja ya kumnyima dawa, bali ni hoja ya kumlaza, kumtia maji mwilini na kutomwacha usiku huo peke yake.



Limesalia la kuchelewa. Kwa kuwa homa hii hufanana na malaria, wagonjwa wengi humezeshwa dawa za malaria, homa ikakatika yenyewe kwa kawaida yake, na watu wakasema dawa imefaa. Basi tabibu amwonapo mtu mwenye homa inayokwenda na kurudi, na hasa akiwa ni mjamzito, amwulize analala wapi na juu ya sakafu gani, na amchukue damu wakati joto limepanda, kwani katika siku za nafuu vijidudu ni nadra kuonekana.