Tone Lililomsuta Mchoraji

Mwaka 1875 Mwingereza Arthur Worthington alianza kuchunguza matone ya zebaki na maziwa yanapoanguka. Gizani, cheche ya umeme ilimulika tone kufumba na kufumbua; taswira iliyobakia machoni ndiyo aliyoichora. Michoro yake ikatoka imelingana pande zote, kama taji la sonara.

Mwaka 1894 akafaulu kupiga picha. Taji lilikuwa na mapengo, upande mmoja umeuzidi mwingine. Alipopekua michoro yake ya awali, alikuta matone yaliyopinda alikuwa ameyaona tangu zamani, akayaweka kando akidhani ni dosari tu. Akakiri hadharani. Ungamo hilo lina uzito kuliko picha zenyewe.

Hakuwa mwongo; alifuata desturi ya zamani. Mwaka 1747 huko Leiden, mwanaanatomia Albinus alichapisha michoro ya mifupa iliyorekebishwa makusudi ifikie ukamilifu, naye akasifiwa. Ni karne ya 19 iliyomtaka mwanasayansi auzuie mkono wake, asipendelee hata uzuri.

Kitabu cha Worthington cha mwaka 1908 kimejaa picha za matone hayo, jinsi yalivyotawanyika.