Reale ya Shamu na Faranga ya Leopold: Juu ya Thamani ya Sarafu Kuukuu katika Maniema ya Kusini

Neno fedha katika Kiswahili hubeba maana mbili: madini meupe ya sonara, na pesa kwa jumla. Maana hizo ziliungana zamani katika kitu kimoja, reale, na zilipotengana ziliacha mashaka ambayo hata leo huwakuta wauzaji na wanunuzi wa sarafu kuukuu. Huko Kasongo na Kabambare, penye makao ya Waungwana wa misafara katika karne ya 19, sarafu kubwa nyeupe huweza kuombewa bei kubwa kwa hoja mbili tu: kwamba imeandikwa 1780, na kwamba ni ya zama za Tippu Tip.

Hoja ya kwanza haina uzito. Maria Theresa, malkia wa Austria ambaye sura yake imo katika sarafu hiyo, alifariki Novemba 1780. Wakati huo reale yake ilikuwa imekwisha kuaminika mno katika biashara ya Bahari ya Shamu, hata ikaendelea kupigwa kwa tarehe ileile, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1935 Italia ilipata haki ya kuipiga mjini Roma. London ikafuata mwaka 1936, kisha Bombay. Idadi yake yote ni mamia ya milioni. Reale iliyoandikwa 1780 yaweza basi kuwa na umri mdogo kuliko mzee anayeiuza.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi, kwa kuwa ndani yake mna ukweli. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, zikachapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Humo mali na madeni hutajwa kwa reale. Lakini reale hizo aghalabu zilikuwa hesabu, wala si vipande vya madini vilivyobebwa begani. Tajiri wa Unguja, mfano wa Taria Topan, alikopesha bidhaa. Nguo na shanga zikavuka Ziwa Tanganyika na kupitia Kabambare hadi Kasongo na Nyangwe. Pembe zikarudi pwani, na huko ndiko deni lilikofutwa. Cameron alipofika Nyangwe mwaka 1874 alikuta biashara ikifanywa kwa kauri, mbuzi na watumwa. Ni mpagazi gani angetwishwa madini mazito yasiyonunua hata kuku njiani? Naye daktari Hinde, aliyekuwamo katika jeshi la Dhanis Kasongo ilipotekwa Aprili 1893, alistaajabia vitanda vya kuchongwa na hariri za mabwana wa mji. Huo ndio utajiri uliosafiri.

Haikatazwi kuwa reale chache zilifika, hasa kwa ajili ya mapambo. Ila anayelipa ziada kwa jina la Tippu Tip ananunua masimulizi, na masimulizi hayo hayawezi kusomwa katika uso wa sarafu.

Kinachosomeka ni uzito na chapa. Reale halali ina gramu 28.07, na katika kila sehemu 1,000 fedha ni 833. Yaani gramu 23.4 za fedha halisi. Ukingoni ina maandishi ya Kilatini yaliyoinuka, na bizimu ya malkia ina lulu tisa, ambazo wafanyabiashara wa zamani walizihesabu kabla ya kupokea. Sarafu ya kusubu kwa shaba nyeupe au ya manjano huwa na vitundu vidogo, na maandishi ya ukingo hufifia. Katika nchi yenye machimbo ya dhahabu kama Namoya mizani ndogo si adimu. Sarafu ikitundikwa kwa uzi ndani ya maji, reale ya kweli hupungua karibu gramu 2.8, ilhali ya shaba ya manjano yenye uzito uleule hupungua karibu 3.3. Gramu hizo 23.4 zikizidishwa kwa bei ya fedha ya siku hiyo, bei ya haki ya reale ya kawaida imepatikana. Reale iliyopigwa kweli zamani huzidi hapo, lakini kuitambua kwahitaji jicho la mjuzi wa chapa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba sarafu inayostahili kuulizwa historia yake mara nyingi ni ile nyingine. Dola Huru la Kongo lilipiga faranga 5 za fedha zenye tarehe 1887, 1891, 1894 na 1896: gramu 25, fedha 900 kwa 1,000, upande mmoja kichwa cha Leopold wa Pili. Nyangwe na Kasongo zilianguka 1893, Kabambare Januari 1894. Na serikali ya kikoloni ilipoanza kudai kodi kwa pesa baada ya 1910, ndipo sarafu ilipopata sababu ya kuingia katika nyumba ya mkulima. Kwa mizani, faranga 5 hiyo ina gramu 22.5 za fedha, pungufu kidogo kuliko reale, na mwenye kuiuza kwa sonara atalipwa pungufu hivyo hivyo. Kwa wakusanyaji ni kinyume kabisa: ilipigwa kwa uchache, nao huilipia mara kadhaa ya bei ya madini yake, mradi haikutobolewa kuwa kidani wala haikusuguliwa kwa majivu ing'are siku ya kuuzwa.