Lundo la Matofali: Historia ya Makao ya Mtu wa Kipato Kidogo Butembo na Beni



Mtu akitembea katika komini nne za Butembo, yaani Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba, ataona jambo ambalo sisi wenyeji tumelizoea mno hata hatuliulizi tena. Kando ya nyumba ya udongo yenye familia ndani yake, kuna lundo la matofali ya kuchoma, limefunikwa kwa majani ya migomba au kwa bati kuukuu. Lundo hilo laweza kukaa miaka mitano, hata kumi. Mgeni hudhani kwamba kazi imeachwa. Mwenyeji anajua kwamba lile lundo ni akiba ya familia. Mwaka huu wamenunua matofali mia tano. Mwaka ujao, Mungu akijalia, watanunua saruji ya msingi.

Kwa nini mtu aweke akiba yake katika udongo uliochomwa, badala ya kuiweka benki na kukopa ili ajenge mara moja? Jibu limo katika historia ya nchi yetu, na ni vizuri tuifahamu kabla ya kuwahukumu wazazi wetu kwamba hawakujua kupanga maisha.

Msaada wa serikali kwa makao ya watu wa kipato kidogo haukuanza jana. Baada ya Vita Kuu ya Pili, miji ya Kongo ya Wabelgiji ilijaa watu haraka kuliko ilivyotazamiwa. Serikali ya kikoloni ikatunga Mpango wa Miaka Kumi, toka 1949 hadi 1959, na makao ya Waafrika yakawa mojawapo ya shabaha zake. Mwaka 1952 ikaundwa Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyojulikana kwa herufi zake za Kifaransa, OCA. Ofisi hiyo ilichora mitaa mizima, ikajenga maelfu ya nyumba za kudumu, na kuzitoa kwa kupangisha au kwa kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo. Ndugu zetu wa Bukavu wanaijua kazi yake huko Bagira. Wale wa Kinshasa wanaijua Bandalungwa na Matete. Huko Katuba, katika mji wa Lubumbashi, ilifuatwa njia nyingine: mkazi alikopeshwa, kisha akasimamia mwenyewe ujenzi wa nyumba yake. Na baada ya Mfalme Baudouin kuitembelea Kongo mwaka 1955, ulianzishwa Mfuko wa Mfalme, kwa ajili ya kuwasaidia wale ambao hata mkopo wa kawaida ulizidi uwezo wao.

Tuseme ukweli wote kuhusu kazi hiyo. Nyumba zile zilikuwa imara, na nyingi zingali zinakaliwa hata leo. Lakini zilijengwa ndani ya utaratibu uliotenga mji wa Mzungu na mtaa wa Mwafrika. Tena mkopo ulimtazama kwanza mwenye mshahara wa kila mwezi: karani, fundi, mfanyakazi wa kampuni. Mkulima na mama muuza mboga hawakuwa na karatasi ya mshahara ya kuonyesha. Hatimaye, mradi ulichagua miji mikubwa, na Butembo na Beni hazikuwa miongoni mwake. Wakati ule Butembo ilikuwa ingali kituo kilichokua kando ya soko na shughuli za kampuni ya madini ya Maziwa Makuu, iliyoitwa MGL. Mfanyakazi wa madini alikaa katika nyumba ya kambi, na nyumba ya kambi haikuwa mali yake. Siku kazi ilipokwisha, paa nalo lilikwisha.

Baada ya uhuru, taifa letu lilijaribu kuendeleza kazi hiyo kwa mikono yake lenyewe. Mwaka 1971 ilianzishwa Hazina ya Taifa ya Akiba na Mikopo ya Nyumba, iliyojulikana kama CNECI. Wazo lake lilikuwa jema: mwananchi aweke akiba kidogo kidogo, na akiba ya wengi izae mkopo wa mmoja mmoja. Lakini matunda yake yalionekana zaidi Kinshasa, wala hazina hiyo haikudumu.

Hatukuwa peke yetu katika kushindwa. Majirani zetu wa Tanzania walianzisha Benki ya Nyumba mwaka 1973, ili mtu wa kawaida, mjini na kijijini, apate mkopo wa kujenga. Benki hiyo nayo ilielemewa na madeni yasiyolipwa, ikafungwa mwaka 1995. Mfano huu watufundisha kwamba nia njema ya serikali haitoshi. Mkopo wa nyumba ni mti unaokua polepole: unahitaji miaka kumi, kumi na mitano, hata ishirini. Kwa muda wote huo fedha zibaki na thamani yake, na hati ya kiwanja ibaki na nguvu yake. Kwetu sisi, nguzo hizo mbili zote zilianguka.

Tuanze na fedha. Mwezi wa Desemba 1979 serikali ya Zaire ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazitatumika tena, na ikawapa watu siku chache tu za kuzibadilisha. Aliyekaa karibu na benki na kuwa na jamaa ndani yake alijiokoa. Mkulima wa kahawa wa milimani, aliyeficha akiba yake katika chungu, alibaki na makaratasi. Mwezi wa Oktoba 1993 ikaja zaire mpya: moja kwa milioni tatu za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo: moja kwa zaire mpya laki moja. Na franka hiyo nayo, ambayo siku ilipozaliwa haikufika mbili kwa dola moja, ilipita 2,700 kwa dola moja mwaka 2024.

Sasa, msomaji mpenzi, ufikirie mzazi aliyeyaona hayo yote katika maisha yake. Je, utamshangaa akinunua matofali? Tofali halibadilishwi kwa tangazo la redio. Bati halipungui thamani usiku mmoja. Lundo lile lililofunikwa kwa majani ya migomba halikuwa ushamba. Lilikuwa hekima ya mtu aliyeibiwa bila mwizi kuingia nyumbani.

Hata hivyo watu wetu hawakukaa kila mmoja peke yake na lundo lake. Walikuwa na likilimba, ambamo watu kumi au ishirini huchanga kila juma au kila mwezi na kumpa mmoja wao jumla yote kwa zamu. Paa ngapi za Butembo na Beni zimeezekwa siku ya zamu ya likilimba! Kuanzia miaka ya 1970 koperative za akiba na mikopo nazo zilienea Kivu, mara nyingi zikisaidiwa na watu wa Kanisa, na sheria ya mwaka 2002 iliziwekea kanuni chini ya uangalizi wa Benki Kuu. Tangu mwaka 2011 walimu na watumishi wengine wa serikali walianza kulipwa kwa njia ya benki. Kwa hiyo leo kuna mwalimu anayeweza kukopa kwa dhamana ya mshahara wake.

Lakini tusijidanganye. Mikopo hiyo, ilivyo kwa kawaida, ni ya miezi, si ya miaka. Ni mkopo wa mfanyabiashara anayezungusha bidhaa na kuuza upesi. Nyumba ya kukaa haiuzi kitu, inalinda watu. Anayejenga kwa mkopo wa miezi kumi na miwili atajikuta analipa deni kwa chakula cha watoto na kwa karo ya shule. Zaidi ya hayo, wengi hukopa kwa dola hali kipato chao ni cha franka, na kila franka inaposhuka deni lao hupanda.

Nguzo ya pili ni karatasi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilitamka kwamba ardhi yote ni mali ya taifa, na kwamba haki ya mtu juu ya kiwanja huthibitishwa na cheti cha usajili. Bila cheti hicho hakuna rehani, na bila rehani hakuna benki itakayotoa mkopo wa miaka mingi. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 389, iliahidi kwamba haki za watu juu ya ardhi ya kimila zingepangwa kwa amri ya Rais wa nchi. Amri hiyo haikutoka. Kwa hiyo viwanja vyetu vingi vimebaki kati ya milango miwili. Vilitolewa na wakubwa wa udongo kwa desturi, vikaandikwa katika karatasi ya mauzo yenye sahihi za mashahidi, lakini havikufika kwa msajili wa ardhi. Zamani mambo ya udongo yalisikilizwa katika kyaghanda, mbele ya wazee waliojua nani alipanda mti gani. Leo wazee wamefariki, majirani wamehama, na kiwanja kimoja huweza kuuzwa mara mbili.

Anayeumia kwanza ni mjane. Mume akifa, ndugu zake huja kuuliza karatasi iko wapi, na jina lililoandikwa ni la nani. Mama aliyebeba maji ya kuumbia yale matofali hana jina lake mahali popote. Kisha wanaumia wapangaji. Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mwezi wa Oktoba 2014, familia nyingi zimekimbia mashamba yao na kutafuta hifadhi Beni mjini, Oicha na Butembo. Chumba kimoja hukaliwa na watu wanane, na mwenye nyumba hudai dhamana ya miezi mingi mbele. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka kikomo: kwa nyumba ya kukaa, dhamana isizidi miezi mitatu. Ni wangapi kati yetu wenye nyumba za kupangisha wanaoifuata? Hapa hatuwezi kumlaumu Mbelgiji wala Kinshasa.

Kifungu cha 48 cha Katiba ya mwaka 2006 chakiri haki ya kila mtu ya kupata makao yanayostahili. Kanisa nalo halikunyamaza. Mwaka 1891 Papa Leo wa XIII alifundisha katika Rerum Novarum kwamba ujira wa haki ni ule unaomwezesha mfanyakazi kuweka akiba na kuwa na mali yake. Na mwaka 1987 Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa hati nzima kuhusu watu wasio na makao.

Ni haki yetu kuidai serikali, lakini tuidai kwa jina la kitu tunachokihitaji kwanza. Nyumba mia za kukatiwa utepe zingepatikana leo, zingewafikia wachache. Fedha imara, na cheti cha usajili kwa bei ambayo mwalimu na mkulima wanaweza kuimudu, vingewafikia wengi. Na baada ya hapo mkopo wa muda mrefu ungekuwa na mahali pa kusimama.

Nasi tusingoje tu. Katika mashirika yetu tunao walimu, makarani na wazee wenye kumbukumbu. Juma hili tuulizane mambo matatu. Katika familia zetu, ni kiwanja gani kisicho na karatasi, na ni mzee gani angali hai anayeweza kushuhudia mipaka yake? Jina la mama limeandikwa pamoja na la baba? Na mpangaji wangu, je, nilimwomba miezi mingapi?

Tukishaandika majina na mipaka, lile lundo la matofali litakuwa na mwenyewe, hata siku atakapokuwa hayupo wa kulisemea.