Jiwe la Kongo lililofika Hiroshima

Januari 1938 mlima Nyamulagira, huku mashariki mwa Kongo, ulilipuka, na kwa zaidi ya miaka miwili haukutulia. Lava iliteremka mpaka Ziwa Kivu karibu na Sake, ikapita juu ya barabara ya Goma na kuacha mawe meusi ambayo watu wa huku wanayajua vizuri, maana ndiyo ya kujengea. Lava hupata moto wake tumboni mwa dunia, na sehemu ya joto la huko hutokana na uraniamu na thoriamu, madini ambayo atomu zake hubomoka zenyewe kidogo kidogo.

Mlima ungali unatema moto, Desemba mwaka huohuo, Otto Hahn na Fritz Strassmann walipata mjini Berlin majibu ya ajabu kwenye maabara yao. Aliyeyafumbua ni Lise Meitner, mwenzao wa zamani aliyekuwa amewakimbia Wanazi na kuhamia Uswidi, akisaidiwa na mpwa wake Otto Frisch: kiini cha atomu ya uraniamu kilikuwa kimepasuka vipande viwili. Kila mpasuko hutoa nguvu nyingi pamoja na chembe mbili tatu ziitwazo nyutroni, nazo huenda kupasua viini vingine. Mpasuko huo ukishikwa breki ndani ya kinu cha nyuklia, maji huchemka na mvuke huzungusha mashine za umeme. Ukiachiwa wote kwa mkupuo, ni bomu.

Uraniamu yenyewe ingetoka wapi? Barua ambayo Albert Einstein aliitia sahihi tarehe 2 Agosti 1939, kwenda kwa Rais Roosevelt, iliitaja Kongo ya Wabelgiji kuwa chanzo kikuu kuliko vyote. Mgodi wenyewe ni Shinkolobwe, karibu na Likasi, zaidi ya kilomita 1,000 kusini mwa Sake. Mwingereza Robert Sharp aliyaona madini hayo mwaka 1915, na kampuni ya Union Minière ikayachimba kwa ajili ya radiamu, iliyouzwa ghali mno kwa hospitali za Ulaya. Uraniamu ilihesabiwa karibu kama makapi. Lakini makapi gani hayo! Baadhi ya mawe yalikuwa na oksidi ya uraniamu kufikia asilimia 65, huku migodi ya nchi nyingine ikifurahia asilimia 1.

Mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, alinusa hatari ya vita mapema. Mwaka 1940 alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo mpaka New York, yakawekwa kwenye ghala la Staten Island ndani ya mapipa ya chuma. Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alimfuata ofisini kwake New York kuulizia uraniamu ya Kongo ya kutengenezea bomu. Mzigo ulikuwa tayari mjini humohumo, na kikao kifupi kilitosha kumaliza biashara. Baadaye wanajeshi wahandisi wa Marekani walikuja kuufufua mgodi, uliokuwa umefungwa na kujaa maji. Mawe yalipanda treni mpaka mto Kasai, yakashuka kwa mashua hadi Léopoldville (Kinshasa ya leo), kisha treni tena mpaka bandari ya Matadi.

Waliochambua mawe yale kwa mikono walikuwa Wakongo, na hakuna aliyewaambia wanashika nini. Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani mwaka 1946.

Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilibeba kilo 64 hivi za uraniamu iliyosafishwa, na isiyofika hata kilo 1 ndiyo iliyopasuka kweli. La Nagasaki, siku 3 baadaye, lilikuwa la plutoniamu, ambayo nayo hutengenezwa kwa uraniamu ndani ya kinu. Mwaka 1952 Wamarekani walijaribu kitu kikali zaidi katika Bahari ya Pasifiki: viini vya hidrojeni kuunganishwa badala ya kupasuliwa, kazi ileile inayolifanya jua liwake. Kuwasha muungano huo kwa bomu kumewezekana. Kuutumia kuzalisha umeme wa nyumbani bado kunawashinda mabingwa.

Kongo nayo ilipata kinu chake. Mwaka 1959 chuo kikuu cha Lovanium, Kinshasa, kiliwasha TRICO I, kinu cha kwanza barani Afrika. Kilikuwa cha utafiti, si cha umeme, na hakikuwahi kuwasha hata balbu moja mtaani. Kilichokirithi, TRICO II, kilifuata mwaka 1972.

Shinkolobwe ilizibwa kuelekea uhuru wa 1960, ila wachimbaji wadogo walirudi kutafuta kobalti kwa chepe na nyundo. Januari 2004 amri ya rais iliwapiga marufuku. Julai mwaka uleule shimo liliporomoka likaua watu 8, na kabla mwaka haujaisha TRICO II nayo ilikuwa imezimwa.